Makaa Hayarudi Yalivyokuwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, zitakazobaki uwagawie majirani wanaonikumbuka. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio? Mimi huku mzima, nimenenepa mpaka koti la kazi linafungwa kwa kubembelezwa.

Uliuliza kazi yangu. Dada, maabara hii ya mgodi bila mimi inafungwa. Ni msaidizi mkuu, ingawa msaidizi mwingine hayupo. Nikiingia, mizani inatulia yenyewe. Nilimwambia mkemia wetu, mama mkali tunayemwita Bi Kipimo, kwamba gesi ya makaa naisikia harufu kupitia ukutani. Akasema gesi hiyo haina harufu, labda nanusa soksi zangu.

Sasa sikia tunachofanya. Makaa ya mawe unayaona magumu, kumbe ndani yamejaa vitundu vidogo mno, hata jicho langu, unalijua lilivyo, halivioni. Tunafungia kipande ndani ya chombo cha chuma, tunakisukumia gesi. Gesi inang'ang'ania kuta za vitundu, makaa yanavimba, vitundu vinabanwa. Nikifungua koki gesi inatoka, makaa yanasinyaa. Nilidhani hapo yamerudi yalivyokuwa. Bi Kipimo akanisogeza kwenye hadubini. Kipande kilichojazwa gesi na kutolewa mara nyingi kilikuwa na nyufa, vitundu vimeungana vikawa vichochoro. Nilikigusa tu, kikamegeka. Akasema makaa yaliyolegea hivyo, gesi ikirudi, yanaweza kuiachia kwa kishindo na ukuta mzima ukaja nayo.

Nikauliza kipande hicho kimetoka wapi. Akasema njia ya chini kabisa mgodini, ambako pampu za kuvuta gesi hazikai bila kuharibika: zikizimika gesi inajaa, zikiwaka inatoka. Wakubwa ameshawaambia, nao wamejibu kwamba wanalifikiria. Huku wanalifikiria, wanaajiri vijana wa njia hiyo hiyo.

Mwanao tangu afike kwangu kila asubuhi anapiga viatu rangi na kuuliza kama mjomba amepata jibu. Nawe najua umeshatangaza mtaa mzima kwamba anaingia mgodini kwa mkono wangu.

Basi nisikuzungushe. Jibu lilikuja. Msimamizi aliniita akasema kijana amekubaliwa, aanze njia ya chini. Nikamwambia amebadili nia, hataki tena. Mwenyewe sikumuuliza.

Nafasi akapewa kijana mwingine. Nikamfuata mpaka kwao, nikamweleza vitundu, nyufa, kila kitu, bila kuongeza hata neno. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mjomba, safari hii chumvi umemwaga gunia zima. Kesho yake akashuka. Hadi leo yuko salama, na kila jioni nasimama getini mpaka nimwone anatoka.

Ndipo nikaogopa kumwambia mwanao. Naye amekua akisikiliza hadithi zangu. Angecheka vile vile, kisha angekwenda mwenyewe kwa msimamizi. Nimemwambia aje nyumbani apumzike kidogo, nikampa barua hii akuletee. Anadhani ni salamu tu.

Mkalishe, dada, umwambie wewe. Akasirike, anitukane akitaka, mradi asirudi huku. Wewe hujawahi kumdanganya.

Msalimie shemeji, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi kaka yako,
Msaidizi Mkuu