Mpini wa Mpeasi

Ljubljana, Alhamisi asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na mama. Mgongo unaendeleaje? Mama ameniambia kwenye simu kwamba bado unakwenda kwenye nyumba ya nyuki kila alfajiri, ingawa humo hamna tena nyuki wa kuamkia. Pumzika, Baba, tafadhali. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasikia humu.

Barua yako niliipata Jumatatu, na nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Unasema Jumapili baada ya misa chama cha wafugaji nyuki kitakutana, na wewe utakuwa wa kwanza kusimama kutaka Mzee Lojze afukuzwe, kwa kuwa aliuleta ugonjwa wa kuozesha majana, watoto wa nyuki, halafu akauficha. Unasema mtu uliyekamua naye asali kwa mashine moja miaka thelathini amekugeuka, na hutaki hata kivuli chake kipite uani kwako. Mama anasema tangu mizinga yake ichomwe, mzee hatoki nje wala hafungui pazia. Zamani nikienda kwake kuchukua sampuli alikuwa ananipokea kwa kelele tangu getini: “Daktari wa wadudu! Leo nani ana homa, wao au mimi?”

Umeniuliza habari za masomo, ili uwe na la kuwaambia watu. Jamani, Baba, unavyonitangaza! Kazi yenyewe ilikuwa inakwenda vizuri. Miaka mitatu wafadhili wamenilipia nikae mabondeni nihesabu nyuki wa kufugwa na wale wa mwituni, nani anatua kwenye ua lipi na nani anamfukuza nani. Kisha wiki tatu zilizopita nikatoa kwenye friji sampuli za majira ya kuchipua, nikazipima upya. Sikufichi, nilikuwa namtafutia Mzee Lojze hatia. Nilikuwa upande wako.

Mwezi wa nne mizinga yake ilikuwa safi. Yako pia. Wa kwanza kuugua ulikuwa mzinga wa kituo chetu cha utafiti, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeushuku. Kutoka kituoni nilikuja kwako, na kesho yake nikaenda kwake. Mtu aliyefungua mizinga ya sehemu zote tatu ni mmoja tu.

Patasi ya kufungulia mizinga unaikumbuka, ile uliyonipa nilipopata ufadhili. Mpini uliuchonga kwa mpeasi, ule mti wa mapeasi wa bibi ulioangushwa na theluji, ukauchoma jina langu, ukasema daktari haendi kazini na kifaa cha kuazima. Wenzangu wanatumia za chuma kitupu, na kabla ya kuhama sehemu wanazipitisha nzima motoni kuua vimelea. Yangu ningeipitishaje motoni, Baba? Chuma nilikichoma nchani, mpini nikaufuta kwa kitambaa, basi. Niliionea fahari. Nimekwangua pale chuma kinapoingia kwenye mti, nikapima mara tatu. Ugonjwa umo.

Ni mimi, Baba.

Nilimwambia Profesa Breda. Alifunga mlango, akanisihi kwa upole ninyamaze mpaka nitetee tasnifu yangu, kwa sababu hili likijulikana takwimu zetu zote zitatiliwa shaka, na kazi ya wenzangu wawili itatupwa pamoja na yangu. Akaniuliza nikisema atafaidika nani. Tangu siku hiyo nimekaa na swali hilo. Nikisema, nawaangamiza wenzangu na kukuvunja moyo wewe uliyeuchonga ule mpini. Nikinyamaza, Jumapili mtamzika Mzee Lojze akiwa hai. Kila ninakogeuka ni ukuta. Naogopa mpaka kupokea simu ya mama.

Siku ile ya kuchoma mizinga yako uligonga kila mzinga kwa kidole, kama babu alivyowagongea nyuki kuwapa habari nyumbani kukiwa na msiba, ukawaomba radhi mzinga mmoja mmoja. Mimi nilisimama nyuma yako nimekushikia kofia. Radhi ile ilikuwa yangu kuiomba, na wa kuombwa hawapo tena.

Leo asubuhi nimempelekea mkaguzi wa magonjwa ya nyuki matokeo yote, na patasi nimemkabidhi. Ataichoma, na mpini wake, na jina langu. Profesa bado hajajua. Nikimaliza kuandika hapa ndio naenda kumgongea.

Jumapili nitakuja na basi la kwanza. Mkutanoni nitasimama mwenyewe, na nakuomba usinitetee. Mwambie mama asinipikie mkate wa kokwa za jozi, sijui kama nitaweza kuumeza. Mpe salamu zangu, na umbusu.

Ila kabla ya misa, Baba, nenda ukagonge mlango wa Mzee Lojze kama ulivyoigonga ile mizinga. Yeye bado yupo.

Mwanao anayekupenda,
Tjaša