Siku nilipofuta «Jicho la Juu» kwenye lango letu

Siku ya Mungu, mchana, baada ya misa

Mawingu yanakusanyika upande wa Kasapa tangu asubuhi. Yananguruma kidogo, halafu yanatawanyika bila kuangusha hata tone. Joto la mwezi wa kumi. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya chumvi.

Nimenawa mikono na sabuni, nikanawa tena na mafuta ya taa, na rangi ya buluu bado iko chini ya kucha. Jana nilifuta jina la kazi yangu kwenye lango letu, nikaandika lingine. Leo nimefanya kazi ya kwanza chini ya jina hilo jipya. Ningepaswa kufurahi.

Lakini nasikia ule mlio. Droni iko ndani ya sanduku lake, betri nimezitoa mimi mwenyewe na kuziweka mezani. Naziona hapa ninapoandika. Na bado nasikia ule mlio wa nyuki juu ya paa.

Kwa mtu anayeingia kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni Nadine, mpiga picha wa Kampemba. Miaka mingi nimepiga picha za pasipoti, za komunyo ya kwanza, za arusi. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, na familia yetu haijatoka tena kwenye avenyu hii. Mwaka huu nilinunua droni. Nilitaka kupiga arusi za hoteli ya Karavia kutoka juu, bibi arusi katikati ya bustani, na viwanja vinavyouzwa, na shule zinazotaka picha nzuri ya kalenda. Nilifuata ruhusa ofisini mpaka nikaipata. Kilichobaki kilikuwa jina.

Jina lilikuja haraka mno. Jicho la Juu. Nililipenda kwa sababu lilikuwa fupi na lilisema ukweli. Fundi wa rangi akaliandika langoni kwa buluu, na bila kuulizwa akachora jicho kubwa chini yake, lenye kope nene kama la mwanamke aliyejipamba. Mama yangu alitoka, akalitazama, akasema tu, «Litatuangalia kila tukiingia?» Nilicheka.

Watoto wa avenyu waliiita droni «kandeke», yaani kandege kadogo. Siku ya jaribio walikimbia chini yake wakipiga kelele za furaha. Nilikuwa nimesimama langoni na rimoti mkononi, macho kwenye kioo chake. Ni ajabu kuona mahali ulipozaliwa kwa namna hiyo. Mabati yenye kutu, nguo zilizoanikwa, miembe, masufuria, vichwa vya watu. Kila lupango, ua mzima ndani ya kuta zake, na siri zake ndogo, ziko wazi kama sahani.

Ndipo nikafika juu ya lupango la Papa Évariste.

Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee wa reli kama babu, mtu wa kusalimia kila mtu kwa jina lake kamili la ubatizo. Mimi hakuniita Nadine hata siku moja, aliniita Marie-Nadine. Nilimwona kwenye kioo, mdogo kama punje, amevaa singlendi nyeupe, amesimama katikati ya uwanja. Aliinua kichwa. Halafu akainua mkono mmoja, juu kabisa, akaubakiza pale.

Nikadhani ananisalimia. Nikaishusha droni kidogo ili aione vizuri, halafu nikaendelea na nyumba nyingine.

Magaribi tulisikia vilio. Papa Évariste alikuwa amekufa.

Mama yangu na mimi tulikwenda kilioni kama majirani wanavyokwenda, tumefunga vitenge, tumebeba mkeka wetu. Tulipoingia chini ya turubai, wanawake waliokuwa wakiimba waliacha kuimba. Hawakuacha kwa pamoja. Mmoja, halafu mwingine, mpaka sauti moja ya nyuma kabisa ikabaki peke yake, nayo ikanyamaza. Crispin, mtoto wa kwanza wa marehemu, alisimama. Tumekua pamoja naye. Mimi humwita yaya, yaani kaka.

«Nadine, ulituma kandeke yako ikuye kuangalia baba,» alisema. Hakupaza sauti. «Ilimuangalia, na magaribi akakufa. Sasa unakuya kulia na shiye? Unalia nini?»

Mama yangu akajibu kwa ajili yangu. «Crispin, baba yako alikuwa na ugonjwa ya moyo tangu zamani. Shiye bote tunayua.»

«Ugonjwa ya moyo haina na macho, mama. Ile kintu iko na macho. Mulijiandikia benyewe ku mulango: Jicho.»

Asiye wa hapa hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu, tangu nikiwa mtoto, watu wanasimulia ndege za wachawi, zile zinazopita usiku juu ya mabati kutafuta mtu wa kubeba. Mimi nilisoma chuo. Nilijiona nimeziacha habari hizo mbali. Lakini pale chini ya turubai, mbele ya macho yote yale, zilinirudia zote.

Tulibeba mkeka wetu bila kuukunjua, tukarudi nyumbani.

Asubuhi yake mtu alikuwa amepaka matope juu ya lile jicho langoni. Mama wa bibi arusi mmoja wa Karavia alinipigia simu kwa adabu nyingi, akasema wameona afadhali wabaki na picha za kawaida. Watoto hawakukimbia tena chini ya kitu chochote. Walipoona napita, waliingia ndani.

Nikaanza kuitazama ile picha ya video ambayo droni ilirekodi juu ya lupango lake.

Nilitazama asubuhi kabla ya chai, nikatazama nikisubiri bukari, ugali wetu, iive. Mzee mdogo, singlendi nyeupe, mkono juu. Kutoka juu huoni uso. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya kununua mashine hii. Unaona kipara, mabega, kivuli, lakini uso huoni. Mkono ule ungeweza kuwa wa salamu. Ungeweza kuwa wa kufukuza. Ungeweza kuwa wa mtu anayeomba msaada, anayemwona mtu wa mwisho anayeweza kumwona, na mtu yule anashuka kidogo, anamtazama, anakwenda zake.

Mama yangu aliniambia daktari amesema ni moyo, basi. Nilimwambia najua. Najua, lakini kujua hakunisaidii kulala.

Baada ya maziko, turubai liliposhushwa na wageni walipoanza kurudi kwao, nilichukua tableti na kwenda kwa mjane mwenyewe, Mama Philomène. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia kwamba picha ile ni ya mume wake kabla ya kuwa yangu, na kwamba kama mtu ana haki ya kunilaani ni yeye, si avenyu nzima. Nilichagua saa ambayo Crispin yuko kazini. Ndiyo, niliogopa.

Alikuwa amekaa barazani, kichwa kimenyolewa, miguu imenyooshwa mbele yake. Nilipiga magoti. Nikamwambia nina nini mkononi.

«Ikala, mutoto yangu,» alisema. «Onyesha.»

Nilimshikia tableti. Alikuwa hajavaa miwani, akaivuta karibu mpaka pua ikagusa kioo. Nilimsikia akihema. Nilisubiri kilio, au kofi. Kidole chake kikatoka kwa mzee, kikatambaa mpaka pembeni ya picha, mahali ambapo mimi, pamoja na kutazama kwangu kote, sikuwa nimepatazama kabisa. Kando ya jiko la makaa kulikuwa na doa la rangi ya machungwa. Kitenge.

«Huyu njo miye,» alisema.

Sikuelewa kwamba doa lile ni yeye.

«Angalia. Niko ku mbabula, niko napika. Nilimupa mugongo. Rudisha tena.»

Nilirudisha. Mzee anainua kichwa. Mzee anainua mkono. Kitenge cha machungwa kimeinama juu ya makaa, hakisogei.

«Bantu bote beko banasema wewe njo ulimuua,» alisema Mama Philomène. «Miye niko najiuliza kintu ingine. Alikuwa pale, nyuma yangu, na sikugeuka. Nilisikia kelele ya ile kandeke, nikasema mu roho yangu, ni michezo ya batoto. Wewe njo ulimuona. Miye, bibi yake, hapana.»

Nilimuuliza swali lililokuwa likinila. «Mama, alikuwa ananisalimia? Ao alikuwa ananifukuza? Ao alikuwa anaita muntu?»

Alitazama kioo tena. Nilitamani sana aseme salamu. Hata kwa uongo.

«Siyue,» alisema. «Nilikaa naye maisha yote, na siyue. Singekudanganya.»

Alinirudishia tableti. Nilipotaka kusimama alinishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke aliyekaa siku zile zote bila kula.

«Lakini wewe, mutoto yangu, uliingia kwetu bila hodi. Hata muizi anapitaka ku mulango ao ku ukuta. Wewe ulipitia ku mbingu. Kama ungepiga hodi, ningegeuka. Ningeangalia yulu na bantu bote. Ningemuona.»

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilitembea kurudi nyumbani, nyumba tatu tu, na nilihisi kama nimevuka mji. Nilimsimulia Mama yangu yote. Alikuwa akichambua mboga za lengalenga, hakuinua macho mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, «Basi jina yako si hiyo?»

«Jina gani?»

«Hodi.»

Siwezi kueleza kwa nini nililia wakati ule, na si kilioni, na si mazikoni.

Jana nilikwangua matope, jicho, kope, herufi, kila kitu, mpaka chuma kikaonekana. Sikumwita fundi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono usionyooka: HODI, na chini yake, picha kutoka juu. Herufi ya mwisho imeinama kidogo. Jirani mmoja aliyepita alisoma kwa sauti, «Hodi,» na kwa mazoea tu mimi nikajibu, «Karibu.» Tukatazamana. Alikaribia kucheka.

Kazi ya leo nilipewa na paroko wetu, mmoja wa wachache ambao hawakunikimbia. Anataka picha ya avenyu yetu nzima na kanisa dogo mwishoni, aitundike ukumbini. Baada ya misa nilipita kila lango, upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Hodi. Nitapita juu ya kwenu kwa muda mfupi, mnaruhusu? Wengine walisema ndiyo na kwenda kuvaa nguo nzuri. Bibi mmoja aliondoa nguo za ndani kwenye kamba kwanza. Wengine walinitazama tu, kisha wakatikisa kichwa kukubali.

Kwa Papa Évariste lango lilifunguliwa na Crispin. Nyuma yake, barazani, nilimwona Mama Philomène, palepale nilipomwacha.

«Unataka nini?»

«Padri ananiomba picha ya avenyu, yaya. Nakuya kuomba ruhusa kupita yulu ya kwenu.»

Alisoma uso wangu kama mtu anayetafuta mahali pa kupigia.

«Na kama nikisema hapana?»

«Haitapita.»

Nadhani hakutegemea jibu hilo. Aligeuka kidogo kumtazama mama yake. Mama Philomène alikuwa ananitazama mimi, si yeye, na sikuweza kusoma chochote kwenye uso ule, ingawa safari hii uso nilikuwa nao mbele yangu kabisa.

«Basi hapana,» alisema Crispin.

Nikasema asante. Lango likafungwa polepole, bila kubamizwa.

Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia hata Mama. Aliposema hapana, nilishusha pumzi. Nilikuwa naogopa kupita pale tena. Niliogopa nitakachoona uwanjani, na zaidi niliogopa kutoona kitu.

Nilirusha droni. Ilipofika nyumba ya tatu niliitoa nje, juu ya barabara, nikaizungusha mbali, nikairudisha baada ya ukuta wao. Watu waliosimama barabarani waliona nilichofanya. Mmoja wa wanawake walioacha kuimba siku ile kilioni alinisalimia kwa jina.

Sasa picha ziko hapa mbele yangu. Ziko mbili, na hazikutani. Upande huu mabati, miembe, watu wanaopunga mikono. Upande ule kanisa. Katikati pamekosekana lupango moja, na nimejaribu kila njia ya kuziunganisha bila pengo lile kuonekana. Haiwezekani. Pengo ndilo kitu cha kwanza jicho linachoona.

Kesho nitampelekea padri. Atauliza, kwa sababu anajua kila nyumba ya avenyu hii, na yeye ndiye aliyemzika mzee.

Nitamwambia nini? Kwamba nilipiga hodi, nikajibiwa hapana?