Naomi Alisema Rudini

Jumapili, Githongo

Hasira bado haijaniisha. Mama mkwe amenisomea Ruthu tena, safari hii mbele ya kina mama wa maombi: uendako nitakwenda. Wote wakanitazama kama bibi harusi anayengojewa kuapa.

Anajua dada yangu ananiita niende kwake Mitunguu tuuze ndizi pamoja. Tangu tumzike Mutuma, mume wangu, ameufanya mstari huo kuwa kufuli la geti.

Wageni walipoondoka nikachukua Biblia, nikasoma kitabu kuanzia mwanzo. Kumbe Ruthu hakuombwa abaki! Naomi, mama mkwe wake, ndiye aliyewaambia wakwe zake wawili warudi kwa mama zao, akawabusu, wakalia wote hapo njiani. Na siku zile mjane asiye na mwana aliishi kwa kuokota masazo kwenye mashamba ya watu. Bado akawaachilia.

Nikamfuata jikoni. "Mama, kuna mahali unaruka. Naomi alisema rudini. Wewe hujawahi kuniambia hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliendelea kupakua githeri, sahani yangu kwanza, halafu yake. Nilitaka kurudisha maneno yangu lakini yalikuwa yameshatoka.

"Huo mwanzo naujua, Kendi," akasema bila kuniangalia. "Walioambiwa warudi walikuwa wawili, na mmoja akaenda kweli. Naomi alibaki na mwingine. Mimi nina wewe tu."