Uzi wa Donge Dogo

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imefika, pamoja na picha ya sweta lenye mkono mmoja. Mama ameitazama akasema, "Huyu anataka baridi impige upande mmoja tu." Basi nakutumia madonge mawili ya uzi umalizie.

Ni sufu ya kondoo wetu wale wale wa asili, wa kahawia. Jirani ameleta kondoo weupe wa kisasa, wanene kama magodoro, lakini mama anasema sufu yao haina msimamo. Yule jike mkorofi aliyekula daftari lako bado yupo, na elimu yote ile haijamsaidia kitu.

Mama hajambo. Amenikataza kukuambia zaidi ya hapo, nami nimeapa, kwa hiyo sikuambii. Lakini unaukumbuka uzi wa shangazi? Alikuwa akizungusha kijiti cha kusokotea kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo uzi wake ulijipinda kinyume na wa mama, anayetumia mkono wa kulia, nasi tuliutambua hata tukiwa tumefumba macho.

Donge kubwa ni la mwaka jana. Donge dogo limesokotwa mwezi huu. Lina vinundu vingi, na uzi wake umejipinda kama wa shangazi. Shangazi tulimzika mwaka juzi. Humu ndani anayesokota ni mama peke yake.

Usipige simu, atajua nimefungua mdomo. Njoo tu, useme uzi haukutosha.

Ni mimi kaka yako, ambaye hajasema kitu.