Kabla Hamjasoma Halbadiri

Al-Murabba, Riyadh
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa Bibi yangu Bi Saleha, mke wangu wa mwanzo usiyetaka kunipa talaka,

Jua kwanza kwamba mji huu wa Riyadh sasa una vitu viwili vya kutazamwa: ule mnara wao mrefu, na mie mjukuu wako. Mnara watu wanaukatia tiketi. Mie wananitazama bure. Kanzu uliyonishonea Idi imewatia unyonge watoto wa mabwana wakubwa, na juzi sokoni Mpakistani mmoja kaniita sheikh mara mbili kabla hajanionyesha soksi anazouza. Yule mwalimu wangu wa skuli aliyesema sitofika hata Chumbe, mpelekeeni salamu.

Shikamoo Bibi. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au bado imekaa juu ya kabati inapigwa na vumbi? Na wewe Raya, mdogo wangu, ndiye msomaji. Naandika kwa mkono kisha nitaipiga picha nikutumie, basi msomee Bibi polepole, usiruke mstari na usicheke kabla yake. Kwenye simu siwezi kusema haya. Kuta za nyumba hii nyembamba. Watu wakiandika husema wao wazima na hofu ni juu ya walio mbali. Mie siwezi kuandika hivyo. Mwili mzima, lakini hofu safari hii ninayo mwenyewe yote, hamna iliyobaki ya kukugaia wewe.

Raya ameniambia kwamba habari ya Mjomba Hamdun imekufikia. Mtoto wa marehemu kaka yako, aliyezaliwa huku na asiyepata kuiona Unguja kwa macho yake, ameshikwa dukani kwake Batha kwa kosa la kumweka kazini mtu asiye na kibali, na wanaweza kumfukuza nchi. Ameniambia pia umeapa kwamba Ijumaa hii utawakusanya masheikh uani msome Halbadiri, ili yule kijana asiyejulikana, aliyemponza Mjomba kisha akatokomea, avimbe tumbo, apofuke, na akitaka kurudi kwao asiijue njia. Bibi, mke wangu, hebu ngoja kidogo. Masheikh wenyewe wazee, jua kali, utawaua bure. Ngoja nikuhadithie matembezi kwanza.

Mjomba alikuja kunipokea Jidda, tukakaa kwa jamaa zake siku chache anitembeze. Alinipeleka mji wa kale, nyumba zina roshani za mbao kama za Mji Mkongwe, nikamwambia milango yetu mizuri zaidi na mafundi wao lazima walikuja kujifunzia kwetu Malindi. Alicheka mpaka akakaa kibarazani. Kiswahili chake, Bibi, ni chako khasa. Anasema maneno niliyodhani yamezikwa pamoja na wazee. Jioni tukatembea ufukweni, tukaitazama chemchemi inayorusha maji juu mpaka shingo inauma. Nilijipiga picha nyingi, zote nzuri, ila bahari inanizibia kidogo.

Lakini kuna jambo nililiona. Kila gari ya polisi ikipita, Mjomba anakatiza neno katikati na mkono unakwenda mfuko wa kifuani, ilimo ikama yake, yaani kibali cha kukaa. Gari ikishapita, anaendelea pale pale alipoachia. Mtu mzima mwenye mvi! Alinionyesha mtaa alimozaliwa, umebomolewa wote siku hizi, akaniambia kitovu chake kimezikwa pale na bado kila mwaka anamwendea kafili wake, bwana ambaye duka limeandikwa kwa jina lake, amwombee kibali cha mwaka mwengine. Nikamtania kwamba anaogopa hata kivuli. Akasema nikae huku mwezi mmoja tu, halafu nimcheke.

Tukaja Riyadh kwa basi, jangwa kutwa nzima, hata mbuzi wa kumsalimia hamna. Ibtisam, binti yake, akanipandisha kwenye daraja lililo juu kabisa ya mnara. Yeye atakwambia nilitambaa kwa magoti na kumshika mkono mtoto wa Kifilipino. Si kweli. Nilikuwa namliwaza mtoto.

Duka lenyewe liko Batha, soko la wageni wa dunia nzima. Mjomba anauza unga wa muhogo, nazi, pilipili na vitenge. Tangu siku ya kwanza alinipa sharti moja: nisipite nyuma ya meza. Mgeni wa matembezi akikutwa ameshika mizani, huku wanahesabu yuko kazini, na anayeshikwa ni mwenye duka. Nilinuna, Bibi. Kwetu mtu akikwambia nishikie duka niende nikasali, amekuheshimu. Ukikataa, wewe ndiye mtu mbaya. Nikaona Mjomba ananifanya mtoto.

Ijumaa alasiri akaenda kusali, akaniacha nje nimekaa juu ya ndoo kama mteja. Akaja dada mmoja wa Kikenya, Damaris, anafanya kazi za nyumbani huko Sulimaniyah, anahema. Akasema manze nimpimie unga chapchap, dereva wa madam anamngoja barabarani, na akichelewa Ijumaa nyingine hatoki. Nikamwambia mwenyewe amekwenda msikitini. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama mimi ni mwanaume ama ni pazia la mlango. Mie huyo, nyuma ya meza! Nikampimia, nikamwongezea na wa bure, na nikamwambia duka hili langu, na la Jidda pia.

Raya, hapa mshike Bibi mkono. Bibi, huyo kijana mnayetaka kumsomea ni mie.

Waliingia wakaguzi wawili, kanzu nyeupe, vitambulisho shingoni. Damaris aliuacha unga na akapotea kama moshi. Wakaniomba ikama. Mie ikama sina, nina pasipoti tu, nayo iko nyumbani chini ya mto. Wallahi Bibi, sijapata kuogopa namna ile. Masikio yaliziba, jasho likanitoka mpaka ndani ya viatu, na akilini nilikuwa nishafika jela, nishanyolewa, nishasahauliwa. Kile Kiarabu chote ulichonichapia viboko niende chuoni nikakisome, hakikuwepo ulimini hata herufi.

Mjomba akarudi. Alipoona kanzu zile, mkono ukaenda kifuani. Lakini akaingia, akatoa salamu, akawaambia kwa utulivu kwamba mimi ni mpwa wake, mgeni, nimetoka Zanzibar kuja kutembea, na pasipoti iko hapo Al-Murabba, si mbali. Yule mkubwa wao, mzee mwenye ndevu za hina, hakuwa mtu mbaya. Akasema kama ni mgeni, aitwe mtu ailete pasipoti, duka lipewe onyo, halas, kila mtu akale chakula chake. Kisha akanigeukia mie. Akanionyesha Mjomba kwa kidole na kuuliza swali jepesi kuliko yote niliyopata kuulizwa, hata skuli: huyu nani yako?

Siku zote hizi nimekuwa najidanganya kwamba kosa ni unga, ni mizani, ni ulimi wa Damaris. Si hayo. Hayo yalikuwa yanaishia kwenye onyo. Mie nilidhani nikijitia kwake tutafungwa pamoja, na nikiwa mpita njia wataniachia. Hapo Kiarabu kikanirudia, nikasema simjui. Yule mzee hakuamini, akaniuliza tena taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto. Nikasema sijapata kumuona.

Mjomba alinitazama, Bibi. Halafu akawaambia kweli, mimi si mtu wake, ni kijana aliyemwokota njiani akamweka dukani, wamwache aende zake, kosa ni lake yeye peke yake. Yule mzee akanionyesha mlango, na nilipokuwa natoka Mjomba akanisemesha kwa Kiswahili bila kunigeukia, nimwambie Ibtisam asimngoje kula. Nikaondoka mbio. Sasa wamemwandika kwamba amesema uongo na ameajiri mtu asiyemjua. Ibtisam alivyoniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikwenda kununua juisi.

Yuko jikoni hivi sasa, namsikia. Nikishaituma barua hii nitakwenda nimwambie, na kesho asubuhi tutakwenda ofisini kwao na pasipoti yangu. Huenda na mie wakanishika. Miguu haitaki, lakini nitakwenda nayo hivyo hivyo. Tumbo limeshaanza kujaa, na nyinyi hata ubani hamjautia kwenye chetezo.

Sikukatazi kusoma. Ila mkikaa Ijumaa, anzeni na Mjomba, mumuombee abaki kwenye mji wake. Kwangu mie someni mtakachoona kinanistahiki. Nisalimie Mama, na majirani wote wa uani, na umwambie Raya anywe maji, najua analia.

Nakubusu mikono na miguu yote miwili.

Ni mie,
mpwa wa Hamdun,
Anas