Uzio wa Minyaa

Jumanne

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Mpima viwanja kaniuliza, "Mama Kulwa, mpaka wenu uko wapi?" nikakosa cha kumwonyesha.

Uzio wa minyaa aliopanda mama mkwe ndio ulikuwa mpaka wetu miaka yote. Mwezi uliopita niliung'oa. Kijiji chetu kimeingizwa mjini Shinyanga, nikaona aibu kuonekana mshamba.

Jirani yetu, Baba Masanja, alinisaidia kung'oa, tena kwa bidii! Leo kamwonyesha mpima mstari unaopita katikati ya jiko langu.

Mama mkwe alisubiri mpaka wakaondoka. Ndipo akaniuliza, "Ugali wa leo unapikia kwetu, au kwa Baba Masanja?"

Niliwasha moto palepale jikoni.