Mama Yako Alipobana Pumzi

Mpwa wangu mpenzi,

Huku mvua imekatika, na magoti yangu yameacha kulalamika.

Jana mama yako aliletwa kwenye chumba chetu cha picha hapa hospitalini, tujue kama pafu lake limeshikwa na makovu. Tulipitisha puani hadi pafuni kamera nyembamba kama uzi, inayomulika vifuko vya hewa vikifunguka na kujifunga mtu anapopumua. Yeye akabana pumzi, ametulia tuli!

"Dada, pumua!" nikamwambia. "Hii si picha ya pasipoti."

Alipovuta hewa, vifuko vilitanuka vyote, isipokuwa vichache vya chini. Daktari ameridhika: ni vidonge, si kisu.

Alinikataza nisikwambie hata kwamba anaumwa. Basi akikupigia simu kukueleza, shangaa vizuri.

Ni mimi, mjomba wako